Mama Usafi wa Kariyeri

Kabla hajakusalimu, alikuwa amekwisha kutazama pale miguu yako iliposimama. Watu wengine huanza na uso, wengine huangalia mkono umebeba nini. Yeye alianzia chini. Kama palikuwa na ganda la ndizi, kipande cha uzi au kifuniko cha chupa, salamu yako ilisubiri. Aliinama, akaokota, akatia mfukoni mwa koti lake la kazi, ndipo akakuambia "Muraho" na kukuuliza hali ya watoto. Mfuko ule ulikuwa umetuna siku zote. Nilimwambia mara nyingi kwamba anatembea na jalala, wala hakucheka. Mzaha wowote uliohusu takataka haukumchekesha.

Hapa kwetu Nyakabanda tulimwita Mama Usafi. Alikuwa na jina la ubatizo, na kanisani walilitumia, lakini hata mwenyewe alichelewa kuliitika. Kazi yake ilikuwa kufagia barabara. Kwa miaka mingi alifagia kipande kimoja cha Muhima, ule mteremko unaoshuka kuelekea Nyabugogo, na alikijua kile kipande kuliko mimi ninavyoijua cherehani yangu. Aliweza kukuambia ni duka gani hutupa maji machafu barabarani kabla ya kufungua, na ni mti upi wa jakaranda humwaga majani mapema kuliko wenzake. Kiswahili chake kilitoka Burundi alikokulia, na kilikuwa kimechakaa kidogo kwa Kinyarwanda, kama cha wengi wetu hapa. Mimi cha kwetu ni cha nyumbani. Babu zangu walikuja huku na bidhaa za pwani wakaoa wakabaki, na mpaka leo shangazi zangu hunisahihisha nikikosea. Yeye hakusahihishwa na mtu. Alisema alivyotaka, na tulimwelewa vizuri sana.

Alikuwa na swali lake moja. "Ile iko kazi ya nani?" Aliliuliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, kisha akaifanya kazi yenyewe, na wewe uliyekuwa karibu ulibaki umesimama na aibu yako. Siku moja aliliuliza kibarazani kwangu, akitazama vipande vya vitenge vilivyorundikana chini ya cherehani. Nikaamua kumpima.

"Ni kazi yangu, Mama," nikamwambia. "Ila nitaifanya kesho."

Akavuta kiti cha wateja, akakaa, akakunja mikono. "Sawa, Fundi. Mimi ninangoja kesho hapahapa."

Alikaa kweli. Mteja akaja, akapimwa, akaondoka, muadhini akaadhini, yeye yupo tu, ananitazama. Mwishowe nilinyanyuka mwenyewe nikachukua ufagio, naye akaniaga vizuri kabisa akaenda zake.

Sasa ukimjua mtu wa namna hiyo utadhani nyumbani kwake unaweza kulia wali sakafuni. Uani, ndiyo. Ua wake ulifagiwa mpaka mistari ya ufagio ikaonekana, na kuku wa jirani walikuwa wakipita pale kwa wasiwasi. Lakini ndani, Mungu anisamehe, sijaona sebule iliyojaa kama ile. Kila alichookota barabarani ambacho hakikuwa uchafu alikileta nyumbani. Viatu vya mguu mmoja. Miwani. Miavuli iliyovunjika. Kopo zima la vifungo, ambavyo alinipa nichague nilipopungukiwa. Kulikuwa hata na meno ya bandia, yamefungwa kwenye kitambaa safi. Ulikaa kwenye kochi ukiwa umebanwa na mafurushi pande zote mbili.

"Hii yote si uchafu," aliniambia nilipomtania. "Hii iko inangoja wenyewe."

Hakuna mwenyewe hata mmoja aliyewahi kuja, kwa ninavyojua. Lakini hakutupa kitu.

Alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, ile ya alfajiri, na wakati wa Ramadhani alinilinda kuliko imamu. Akipita akanikuta nimelaza kichwa juu ya cherehani aligonga meza. "Funga si kulala, Fundi." Idi ikifika alikuja bila kualikwa, maana mwaliko ulikwisha kueleweka, akala pilau sahani mbili, akaosha sahani zote za nyumba nzima ingawa mke wangu alimkataza. Hakuogopa walevi. Nilimwona akimshika mkono mwanamume mzima aliyekuwa akikojoa ukutani, akampeleka mpaka chooni na kumngoja nje. Ila aliogopa lifti. Walipomwita kwenye ofisi moja ya mjini kupewa cheti cha mfagiaji bora alipanda ngazi mpaka juu, akafika wakati wa soda, cheti kimekwisha kutolewa.

Nyumba yake ndiyo iliyokuwa ya mwisho juu ya mtaa, mgongo umeelekea kariyeri.

Kariyeri ni machimbo ya mawe; jina lilikuja na Wabelgiji likabaki. Kwa muda mrefu malori yalipanda pale kuchukua mawe na kokoto za kujengea mji, na mawe mazuri yalipokwisha, wenye malori waliondoka bila kutuaga. Walituachia mlima uliokatwa ubavu, udongo mtupu usioota hata jani, mashimo yenye maji ya mbu, na mahali pa kutupia kila kitu ambacho mtu hakutaka kuonekana akikitupa. Mvua zilipoanza, tope lilishuka. Lilipita nyuma ya nyumba, likaingia jikoni, likafunika vizingiti. Wakubwa wa mtaa walitwambia wazi kwamba mlima ukiendelea kumomonyoka, nyumba zilizo chini yake zitapigwa alama nyekundu na wenyewe watahamishwa. Nyumba ya kwanza ingekuwa ya Mama Usafi.

Ile nyumba aliinunua kwa ufagio wake. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki, binti yake amekwisha kuolewa Kimironko, upande wa pili wa mji, na hakuna aliyemsaidia hata bati moja. Alitaka kitu kimoja, na alikisema mbele ya yeyote: atolewe katika nyumba ile siku moja tu, akiwa amefunikwa shuka. Kabla ya hapo haendi popote. Binti yake alikuja kumbembeleza kila mwezi akahamie kwake, na kila mwezi alirudi na mkungu wa ndizi aliopewa ili anyamaze.

Kwa hiyo tulipoamua kuitengeneza kariyeri, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika. Tulianza kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, lakini siku moja kwa mwezi haikutosha mlima ule. Basi waliopenda wakawa wanakuja Jumamosi zote. Walikuwapo washonaji, wauza mkaa, akina mama wa sokoni, vijana wa pikipiki. Mimi jembe nalijua zaidi kwa kuliona, lakini nilikwenda, maana kibaraza changu nacho kiko kwenye mteremko uleule. Tulikata matuta kama ngazi ili maji yasishuke mbio, tukapanda mabingobingo, yale majani marefu ya kushika udongo, kwenye kingo na miche ya miti katikati. Tuliota mambo makubwa. Tulisema patakuwa na mahali pa watoto kucheza na pa wazee kukaa jioni, na mlima utashikamana, na alama nyekundu haitakuja.

Mama Usafi alisimamia usafi; nani angemnyang'anya? Alianza na takataka za miaka yote, na alizimaliza. Hilo lilikuwa jambo la kupongezwa. Tatizo ni kwamba zilipokwisha hakuacha. Alifagia. Alitupanga mstari mmoja, wanawake kwa wanaume, kila mtu na ufagio, tukafagia mlima. Kijani chochote kilichojiotea bila kupandwa kiling'olewa. Tulipoondoka mchana, udongo wote ulikuwa na mistari ya ufagio kama ua wake, na tuligeuka nyuma kuutazama kwa furaha. Ndivyo tulivyo mji huu. Tukipenda mahali, tunapafagia.

Miche haikukua. Ilisimama tu, na mingine ikakauka.

Halafu likazuka jambo jingine. Kila Jumamosi tulipofika tulikuta majani makavu yametapakaa kwenye matuta. Majani, nyasi zilizokatwa, maganda ya maharage. Tulifagia, tukachoma. Jumamosi iliyofuata, yapo tena. Mama Usafi aliingiwa na hasira ambayo sikuwahi kuiona. Alisema kuna mtu anatuhujumu, anakuja kutupa uchafu wake tukiwa tumeondoka. Alimshuku mwenye baa ya chini, akamwendea kwa miguu.

"Unatupa majani yako kwetu," alimwambia.

"Mama, mimi ninauza bia na brosheti," yule bwana akamjibu, akigeuza mishikaki yake juu ya mkaa. "Majani ninatoa wapi?"

Hakumwamini. Jumapili moja, baada ya misa, alichukua mwavuli wake na rozari akapanda kariyeri, akakaa juu ya jiwe kumngoja mhujumu wake. Nami nilikuwapo. Nilikuwa nimempelekea chai, na kusema kweli nilitaka kuona.

Mhujumu alikuja akiwa kundi zima. Walikuwa Wasabato. Wenzetu hawa Jumamosi ni siku yao ya ibada, hawashiki jembe, kwa hiyo kazi zao za mtaa huzifanya Jumapili. Tuliyajua hayo sote, lakini hakuna aliyefikiri kwamba wao nao walikuwa wakija kariyeri. Walipanda wamebeba magunia ya majani vichwani, mbele yao binti mmoja aliyesomea kilimo, ambaye baadaye sote tulimwita Agronomu. Mama Usafi alisimama.

"Nyinyi ndiyo munaleta takataka hapa?"

Binti akatua gunia. "Mama, hii si takataka. Udongo hapa ulikufa, hauna kitu. Tunaufunika na majani, yanaoza, yanakuwa udongo mpya. Ila kila wiki tukirudi tunakuta upepo umebeba yote."

"Upepo," Mama Usafi akasema.

"Ama mbuzi. Hatujui."

Mimi nilitazama chai niliyoileta.

"Hakuna upepo," Mama Usafi akasema mwishowe. "Ni mimi."

Agronomu alikuwa wa kwanza kucheka, kisha Wasabato wote, kisha mimi, na hapo nilikosea. Yule mama alikunja mwavuli akashuka, na kwa wiki nyingi hakukanyaga kariyeri wala kibaraza changu. Nilimuudhi kweli. Nilikuwa nimemwona akiwa amekosea mbele ya watu, nikacheka pamoja nao, naye alikuwa mtu ambaye usafi ulikuwa heshima yake yote.

Alirudi kwa namna yake. Siku moja nilikuwa nimetandaza satini ya bibi harusi mezani, nyeupe, ya kugusa kwa mikono iliyonawa, akaingia bila salamu akamwaga juu ya meza konzi ya udongo. Kidogo nizimie. Udongo ulikuwa mweusi, una unyevu, na ndani yake mnyoo ulikuwa ukijinyonganyonga.

"Nusa," akasema.

"Mama, hii satini ya watu."

"Nusa, Fundi."

Nikanusa. Agronomu alikuwa ameomba aachiwe tuta moja tu, lisifagiwe, lifunikwe majani msimu mzima. Mama Usafi alikuwa akilitembelea peke yake, tusipokuwapo, akichokoa chini ya majani kwa kidole. Alikuwa ameona kwa macho yake, na ubishi ukamwisha. Hakuomba radhi kwa mtu, hata kwa mwenye satini. Aliufuta udongo kwa ncha ya kitenge chake, akaukusanya wote mpaka punje ya mwisho, akarudi nao mlimani.

Tangu siku hiyo alipindukia upande wa pili. Majani ya Muhima ambayo maisha yake yote aliyafagia yaende na gari la taka, sasa aliyataka. Aliwageuza wafagiaji wenzake mmojammoja, wakawa wanamtengea majani pembeni, na yeye akakaa kwenye ukingo wa barabara akiyachambua, akitoa vifuniko na vipande vya karatasi, mpaka gunia likabaki majani matupu. Vijana wa pikipiki walimkimbia. Aliyekamatwa alimpeleka Nyakabanda na gunia katikati yao, haoni kioo, anapiga chafya njia nzima. Majani ya jakaranda aliyapenda zaidi kwa kuwa ni madogo na huoza upesi. Ya mikaratusi aliyakataa hata ukimlipa, na hapo alishikilia neno la Agronomu kama amri ya Papa.

Na sasa ole wake aliyekuja kariyeri na ufagio. Mkubwa mmoja wa mtaa alipita na wageni wake, akaona matuta yamefunikwa majani makavu, uso ukambadilika.

"Mbona hapa hamjasafisha?" akauliza.

"Tumesafisha," Mama Usafi akamwambia. "Hii ndiyo usafi ya hapa."

Yule mkubwa alimjua, sote tulimjua, na kusikia maneno hayo kutoka kinywa kile kulimshangaza hata akasahau kukasirika. Agronomu akamweleza yaliyobaki. Nyumbani kwake lakini, mistari ya ufagio uani haikukosekana hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini uani hafuniki. Aliniambia nisiwe mjinga.

Mlima ukaanza kushikamana. Mabingobingo yaliota mizizi, miti ikatupita kimo, nyasi zikaja zenyewe. Tope halikushuka tena. Ungedhani hadithi imekwisha na mama amepata nyumba yake, na sisi tulidhani hivyo.

Lakini tope si maji. Maji bado yalikuja, na sasa yalikuja safi na ya kasi, yakikusanyika kwenye shimo kubwa la katikati, na shimo likijaa yalimwagika upande wa nyumba zetu. Fundi wa mitaro aliletwa kupima. Akasema maji yanahitaji njia moja ya kuteremkia, mtaro wa mawe mpaka kwenye mfereji wa barabara. Njia mbili zingewezekana. Moja ilizunguka, ikiondoa nyumba za familia kadhaa. Nyingine ilinyooka kupitia kiwanja kimoja tu.

Kiwanja kile kilikuwa chake.

Alikataa. Mkutanoni hakupaza sauti. "Mimi nimefanya kazi hii ili nibaki," alisema. "Hapana fanya ili nitoke." Nani angemlaumu? Nilikuwa upande wake na nilisema hivyo. Wengine walikuwa upande wake mbele yake, na upande mwingine akiwa hayupo. Jambo likaahirishwa, likaahirishwa tena.

Kuna kitu ambacho sote tulikijua na hatukukisema. Nyuma ya nyumba yake, miaka ya tope, alikuwa amepanga mawe na magunia ya kokoto, ukuta mfupi wa kujikinga. Mvua ikinyesha alitoka na ufagio wake mrefu akasimama nyuma ya ukuta ule, akiyafagia maji yasikae. Maji yaligonga mawe, yakageuka, na yeye akayasukuma yaende. Yalikwenda kwa Mama Keza. Huyu ni jirani wa pembeni, mwanamke mpole anayeuza maandazi, na hakuwahi kulalamika, kwa sababu nani atamgombeza Mama Usafi kwa kufagia?

Alasiri moja mvua ilishuka ghafla, kubwa. Nilikuwa kwa Mama Keza nimempelekea nguo za mtoto wake mchanga. Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakafika kitandani kabla hatujajua la kufanya. Mama Keza alimweka mtoto ndani ya beseni la kukandia unga, tukalinyanyua juu, mimi upande huu na yeye upande ule, tukatoka nalo uani. Na pale uani, tukiwa tumelowa, beseni mikononi, tulimwona Mama Usafi juu yetu akiwa na ufagio wake, anasukuma maji. Alituona. Aliona beseni, akaona kilichomo. Ufagio ukasimama.

Mtoto hakuumwa hata mafua. Lakini mvua ilipokatika, yule mama alishuka, akaingia nyumbani kwa Mama Keza bila kubisha hodi, akaanza kutoa tope kwa mikono. Mama Keza alimwambia aache. Hakuacha.

"Yale maji ilikuwa yangu," alisema. "Miaka yote ni yangu. Mimi ninafagia, wewe unapokea."

"Mama, haidhuru," Mama Keza akamwambia.

"Inadhuru sana."

Sikumwona akilia, siku ile wala nyingine. Siku iliyofuata alimwendea mwenyekiti wa mtaa akamwambia mtaro upite. Halafu, ili mtu asije akamfanya mtakatifu, aligombana na kila mmoja wetu juu ya namna utakavyopita: upana wake, mawe yake, nani atabeba mabati yake na kwa nini anayabeba vibaya. Alimwambia fundi wa mitaro kwamba kamba yake imepinda. Haikupinda. Binti yake alikuja na gari dogo kuchukua mafurushi, akayaona yote yaliyomo sebuleni, akakaa chini.

Nyumba tuliibomoa sisi, Jumamosi ya umuganda, kwa sababu hakutaka wageni waiguse. Nilishika milango. Nilitegemea kukuta sakafu imefagiwa, kama nilivyomjua, lakini haikufagiwa. Vumbi, vipande vya karatasi, uzi. Nilimtazama.

"Leo hukufagia, Mama?"

"Ile sasa iko kazi ya maji," alinijibu, akapanda gari la binti yake, mbele, mkoba magotini. Jumapili Wasabato walikuja wakachimba.

Leo kariyeri ni mahali ambapo watu huja kutoka mitaa mingine. Kuna viti vya mawe makubwa, kuna kivuli, na lile shimo limekuwa bwawa dogo lenye matete na vyura wanaotunyima usingizi. Maharusi hupanda kupiga picha. Mahali wanapopapenda zaidi ni ukingo wa mtaro, pale maji yanapoanguka kwenye mawe, na wapiga picha huwaambia wasogee kushoto kidogo, wasimame vizuri. Nami huwa nawatazama nikijua wamesimama jikoni kwake. Nimewashonea baadhi yao nguo, na sijawaambia. Hakuna kibao chenye jina lake. Aliulizwa, akasema kibao kitashika vumbi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa mwaka huu, msimu wa mvua ndefu. Nilikwenda soko la Kimironko kutafuta bitana, nikapita kwa binti yake. Miguu imemwishia nguvu, hatembei bila kushikwa. Ua wa pale ni wa saruji mtupu, hakuna jani, hakuna kazi. Alikuwa amekaa barazani na kitenge mabegani, amepungua sana, na hakutazama miguu yangu. Alianzia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nikahisi uchungu nisioweza kuueleza.

Tulizungumza habari za mtaa. Agronomu ameolewa. Mwenye baa amepunguza kelele. Nikamwambia nyumba zetu zote zipo, hata moja haijapigwa alama, na mtoto wa Mama Keza sasa anakimbia. Alisikiliza, akitikisa kichwa polepole. Kisha mvua ikaanza, ikapiga mabati kwa nguvu, naye akanyamaza katikati ya neno. Binti yake alinong'ona kwamba ndivyo anavyokuwa kila mvua ikinyesha. Hali, halali, hasemi.

"Fundi," akaniita. "Mupigie Mama Keza."

Nikampigia, nikafungua sauti, nikaweka simu juu ya meza. Mama Keza aliitika, na nyuma yake mvua ya Nyakabanda ilikuwa ikisikika pia.

"Maji iko imefika kwako?" Mama Usafi akauliza, akiinamia simu.

"Hapana, Mama. Kwangu ni kukavu. Inapita kwako."

"Jikoni ama sebuleni?"

Tulisikia mlango ukifunguliwa, kisha ngurumo ya maji ikawa kubwa. Alikuwa ametoka nje na simu, ameinyoosha kuelekea mtaroni.

"Sebuleni," akasema. "Katikati kabisa."

Mama Usafi akaegemea kiti. Nikanyoosha mkono nikate simu, akanishika kifundo kwa vidole vyake vigumu, akaniambia niache kwanza. Basi tukakaa hivyo, yeye, binti yake na mimi, simu mezani katikati yetu, tukiyasikiliza maji yakipita nyumbani kwake mpaka mvua ilipokatika.